Harambee: tupime dawa za mseto bila kujaza stoo sumu

Wazazi, wanafunzi wa zamani na marafiki wa kitivo chetu cha famasia, tunawaomba mchango.

Wanafunzi wetu hujifunzia upimaji kwa kidonge cha kotrimoksazoli cha miligramu 480, kile ambacho wengi mnakiita Septrin. Ndani yake mna dawa mbili: sulfamethoksazoli miligramu 400 na trimethoprimu miligramu 80. Zimesagwa na kushindiliwa pamoja, na hakuna jicho litakaloona kama zile 80 zimo kamili au zimepunjwa. Wapo wagonjwa wanaoishi na VVU wanaomeza dawa hiyo kila siku wakiamini zimo. Mashine ya kromatografia ndiyo hutenganisha: kimiminika husukuma dawa iliyoyeyushwa ndani ya kolamu, mrija wa chuma uliojazwa chembe ndogo mno, moja ikatangulia, nyingine ikachelewa, kila moja ikachora kilele chake kwenye skrini.

Kimiminika chenyewe ndicho kinachotukosesha usingizi. Tunatumia asetonaitraili, ambayo ikiingia mwilini hugeuka sianidi. Mashine inapitisha mililita moja kwa dakika. Ikifanya kazi usiku na mchana, ni karibu lita moja na nusu ya taka. Haimwagwi kwenye sinki. Ni ya kuchomwa katika tanuri maalumu lenye moto mkali, na jerikeni zake zinazidi kujipanga stoo. Halafu tunaiagiza kutoka ng'ambo. Mwaka 2008 iliadimika dunia nzima, kwa kuwa ni masalio ya utengenezaji wa akrilonitraili, malighafi ya plastiki na nyuzi; viwanda hivyo vilipopunguza kazi, maabara zikakauka.

Dawa hizi mbili zinaweza kutenganishwa kwa ethanoli na maji. Ethanoli hutokana na molasi ya miwa, nayo hutengenezwa hapa Kenya, Muhoroni, ingawa ya kutia kwenye mashine lazima iwe imesafishwa kufikia kiwango cha maabara. Kikwazo ni kwamba ikichanganywa na maji huwa nzito, shinikizo likapanda na pampu ikazidiwa. Kolamu ikipashwa joto hadi nyuzi 40 au 50, mchanganyiko hulegea na kupita vizuri.

Hatuna kipasha joto cha kolamu. Tunataka kimoja, pamoja na kolamu mbili za kipenyo cha milimita 3 badala ya 4.6 tulizo nazo. Wembamba huo pekee hupunguza kimiminika kwa zaidi ya nusu, na majibu yakabaki ya kuaminika.

Mwenye mia mbili atoe, mwenye elfu hamsini atoe. Wenzetu mlio viwandani, kama mna kolamu ya aina hiyo ambayo haijafunguliwa, tuleteeni. Kwetu ni mchango kamili. Fedha zipokelewe na mweka hazina wa kamati peke yake, na usiondoke bila stakabadhi. Vifaa vikishanunuliwa, risiti zitabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kitivo, na kila aliyetoa anakaribishwa maabara kuangalia kidonge kikipimwa.