Yah: Ongezeko la Ada ya Usajili Lililotangazwa Baada ya Muda wa Kulikataa Kupita

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni wateja wenu wa miaka mingi. Programu yenu ndiyo tunayotolea ankara, kutunzia mikataba na kupangia kazi za kila siku, na kwa upande huo hatuna ugomvi nayo. Ugomvi wetu ni wa fedha, hasa namna habari za fedha hizo zilivyotufikia.

Barua pepe yenu ilitujulisha kwamba mkataba ukihuishwa, ada ya kila mtumiaji itapanda kwa karibu robo. Ilikuja siku 30 kabla ya tarehe ya kuhuisha. Sasa naomba mfungue mkataba wenu wenyewe, kwenye kipengele cha kuhuisha. Mteja asiyetaka kuendelea, au anayetaka kupunguza idadi ya watumiaji, anatakiwa kutoa taarifa siku 60 kabla. Asipofanya hivyo, mkataba unajihuisha kwa mwaka mzima. Maana yake ni kwamba siku tulipoijua bei mpya, muda wa kuikataa ulikuwa umeisha mwezi mmoja nyuma. Sijui aliyepanga tarehe hizi alikusudia nini na sitaki kumsingizia. Lakini kwa sisi tunaolipa, huku ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, tena mbuzi asiyerudishika kwa miezi 12.

Afisa wenu wa mauzo alinieleza, kwa upole kabisa, kwamba bei imepanda kwa sababu kila kifurushi sasa kina msaidizi wa akili mnemba. Hatukumwomba huyo msaidizi. Tumemzima, kwa kuwa taarifa za wateja wetu haziruhusiwi kupitishwa huko hadi mwanasheria wetu aridhike. Watu wa stoo, ambao huingia kwenye programu kuweka alama tu kwamba mzigo umepokelewa, nao wanalipiwa msaidizi wa kuandika ripoti. Nilipouliza kama kuna kifurushi kisicho naye, nikajibiwa kwamba "kwa sasa hakionekani kwenye tovuti". Jibu hilo nimelitafakari sana. Kutoonekana si kutokuwepo.

Mtakuwa mnafahamu kwamba Oktoba 2025 tume ya ushindani na walaji ya Australia iliipeleka Microsoft mahakamani kwa jambo linalofanana na hili. Tume inadai kwamba wateja wa Microsoft 365, yaani programu za ofisi za kampuni hiyo, walioneshwa njia mbili tu, kukubali Copilot (msaidizi wake wa akili mnemba) pamoja na bei ya juu au kusitisha usajili, bila kuelezwa waziwazi kwamba kifurushi cha zamani kisicho na Copilot kilikuwepo bado kwa bei ile ile. Vile ni vifurushi vya watu binafsi na familia, si vya biashara, lakini swali langu kwenu ni lile lile: kipo au hakipo?

Kuna jambo la leseni pia. Kwenye ukurasa wenu wa malipo, kitufe cha kuongeza mtumiaji kipo juu kabisa, kikubwa, cha buluu. Bofya mara moja tu, leseni imeongezeka na malipo yamekatwa. Cha kupunguza hakuna. Kuna maandishi madogo chini yanayosema wasiliana na kitengo cha mauzo. Mfanyakazi akiondoka tukaifunga akaunti yake, jina linapauka kwenye orodha, ila leseni inabaki na ankara inaendelea kuihesabu. Tunawalipia watu ambao hawapo hata kwenye orodha yetu ya mishahara.

Mtasema basi tuhame. Tulijaribu kutoa data zetu ili tuone inawezekana vipi, tukapata faili la jedwali lenye majina ya kazi na tarehe, bila viambatisho wala maelezo waliyoandikiana wafanyakazi wetu. Mifupa mitupu. Tangu tarehe 12 Septemba 2025, Sheria ya Data ya Umoja wa Ulaya inamtaka mtoa huduma za aina hii amwezeshe mteja kuhama na data zake, kwa taarifa isiyozidi miezi miwili, na kuanzia tarehe 12 Januari 2027 hataruhusiwa kumtoza ada ya kuhama. Tovuti yenu inajivunia wateja wa Ulaya, kwa hiyo sidhani kama nyenzo za kufanya hivyo hamna.

Tunachotaka hakiwashindi. Tufungulieni dirisha la siku 60 kuanzia siku tuliyopata barua pepe yenu ya bei, na ndani yake tupunguze leseni za waliokwisha kuondoka. Tupeni kifurushi kisicho na msaidizi kwa ada ya zamani, au mtuandikie bayana kwamba hakuna kifurushi cha namna hiyo kwa mteja yeyote. Na tukiomba data, tupewe zote pamoja na viambatisho. Kuhusu punguzo la miezi mitatu alilonidokezea afisa wenu, ahsanteni, lakini hiyo ni danganya toto. Mwezi wa nne tutarudi pale pale.

Ankara ya kipindi kipya tumeipokea. Sehemu inayolingana na ada ya zamani tumeilipa. Iliyozidi tumeizuia na tunaihesabu kuwa na mgogoro hadi mtujibu, hivyo naomba akaunti yetu isifungwe kwa kisingizio cha deni. Jibu liwe la maandishi, si la simu, na linifikie kabla ya tarehe ya ankara ijayo. Nakala ya barua hii anayo mwanasheria wetu.

Wenu katika kazi,

Meneja wa Fedha na Utawala