Mbona dola yenu ni ghali kuliko ya Google?

Mteja huangalia Google, akaona dola ni shilingi 129 za Kenya. Sisi humwagizia bidhaa kutoka maduka ya nje, na ankara yetu inamfikia ikiwa na hesabu ya karibu 134. Anadhani shilingi tano za kila dola tumezitia mfukoni. Ana haki ya kuuliza, na jibu letu ni hili.

Ile 129 ni kiwango cha katikati, baina ya bei ya kununua dola na bei ya kuiuza. Benki haikuuzii kwa bei hiyo. Unapolipa kwa kadi ya shilingi, Visa au Mastercard hutumia kiwango chao cha siku, kisha benki iliyotoa kadi huongeza makato yake. Makato ya asilimia 3.5 peke yake yanaipandisha 129 hadi karibu 133.50. Sisi tunanakili kiasi kilichosomeka kwenye stetimenti ya kadi, na ada yetu ya kuagiza tunaiandika kwenye mstari wake. Hatuifichi ndani ya dola.

Wanaokwepa ada hiyo na kuagiza wenyewe huumizwa zaidi na kitufe cha kulipa kwa shilingi kwenye duka la mtandaoni la nje. Kinavutia kwa sababu bei inaeleweka papo hapo. Lakini hapo anayebadilisha pesa ni upande wa muuzaji, kwa kiwango alichojipangia na faida yake ikiwa ndani. Na kuna benki ambazo bado zitakukata ada ya muamala wa nje, kwa kuwa duka liko nje ya nchi. Unalipia mara mbili. Kwenye Amazon, usiridhike na sarafu uliyochagua ukurasa wa mwanzo. Iangalie tena ukurasa wa mwisho kabla ya kuthibitisha malipo, na uchague sarafu ya duka lenyewe.

PayPal ina mtego wake. Shilingi ya Kenya haimo kati ya sarafu zake, kwa hiyo kitu cha pauni kinaweza kugeuzwa kuwa dola na PayPal, kisha benki yako igeuze dola kuwa shilingi. Kabla ya kulipa, fungua chaguo za ubadilishaji na uagize kadi itozwe kwa sarafu iliyo kwenye ankara ya muuzaji.

Kadi ya dola nayo inasifiwa kupita kiasi. Inafaa kama mapato yako yanaingia kwa dola. Ukiijaza kwa shilingi, tayari umenunua dola kwa bei ya kuuzia ya benki. Na ukinunua Uingereza, dola hizo zitageuzwa tena kuwa pauni.

Kurudisha mzigo pia kuna hasara yake. Pesa hurudi kwa kiwango cha siku ya kurudishwa. Tuseme koti la dola 60 lilikatwa kwa 134 na dola zikarudi kwa 128: umepoteza shilingi 360, hata kama muuzaji amerudisha kila senti. Pima saizi kabla ya kuagiza.

Ukitaka kutukagua, tovuti za Visa na Mastercard zina vikokotoo: weka tarehe, sarafu na asilimia ya benki. Tumia tarehe ambayo muamala uliingia rasmi kwenye stetimenti, maana Amazon hukata pesa mzigo unapotumwa, na oda moja ikigawanywa mara tatu huja makato matatu, pengine kwa viwango vitatu.

Unapotutumia skrinshoti ya kikapu, iwe kwa sarafu ya duka. Kikapu cha shilingi hutulazimu kukifungua upya ndipo tukupe bei.