Mami, ndio, nilirudi korti

Mami wangu,

Juzi uliniuliza kwa simu, "Baba, ni ukweli unataka kunipunguzia pesa?" nikanyamaza hadi ukaanza hello hello ukidhani netiweki imepotea. Haikuwa imepotea. Nilikuwa stejini, makanga wanapiga kelele, na sikuwa na jibu.

Ni ukweli nimerudi korti ya watoto pale Milimani. Amri ya 2021 ilisema nitume 15,000 kila mwezi za matunzo yako, na wakati huo nilikuwa na kazi ya godauni Industrial Area. Unajua venye iliisha. Sai ni vibarua, wiki ingine iko, wiki ingine hakuna.

Makosa yangu wacha nikuambie mwenyewe. Niliongea na mamako, akasema sawa, tuma 8,000 mpaka usimame, nami nikaona yameisha. Kumbe maneno ya simu hayabadilishi amri ya korti, ile 7,000 inayobaki inakuwa deni tu, miezi sita ni 42,000, na karo ilipofika mamako akaniuliza iko wapi. Usimkasirikie, ako na haki. Ningeenda kuomba amri ibadilishwe ule mwezi wa kwanza kazi ilipoisha, deni halingefika hapo.

Basi nikakaa saiba River Road, nikaprinti stetimenti ya M-Pesa kurasa kumi na moja, kila mahali jina la mamako liko nikalipigia mstari na biro. Halafu hati ya kiapo, nikaapishwa, ikagongwa muhuri. Mapato yangu yote iko hapo, rent, fare, hadi unga. Mtu mzima kuandikia hakimu unga wake, eish.

Hakimu anaweza kukataa pia. Katiba kifungu cha 53 inasema mimi na mamako tunawajibika sawa juu yako, na Sheria ya Watoto ya 2022 inataka maslahi yako yatangulie, si shida zangu. Afisa wa watoto akikuja kukuuliza mambo, mwambie venye iko, hata kwamba mimi huchelewa. Usinitetee.

Nimeomba pia siku yetu ya kuonana iwe Jumapili juu vibarua vingi huanguka Jumamosi. Lakini mpaka korti iseme, ni Jumamosi tu, saa nne, palepale. Kuja na ile sweta ya shule nimpelekee fundi zipu.

Baba