Kwa vijana wetu mnaobisha hodi mitaani

Wanangu, Bwana Yesu asifiwe.

Nimesikia mnataka kufungua kituo kipya cha injili kila mwezi. Kabla hamjafunga safari, naomba niwasimulie habari za David Nasmith.

Alizaliwa Glasgow, Uskoti, mwaka 1799. Viwanda vilikuwa vikivuta watu mjini, familia zikibanana chumba kimoja, na maskini wengi hawakanyagi kanisani. Tarehe 1 Januari 1826, akiwa na miaka 26 tu, alianzisha Misheni ya Jiji la Glasgow. Watenda kazi wake walikuwa waumini wa kawaida wa madhehebu mbalimbali. Kila mmoja alipewa eneo lake, akapanda ngazi, akabisha hodi, akaketi na wenyeji na kuwasomea Maandiko, kisha akarudi tena kwenye milango ile ile.

Hapo kwenye kurudi ndipo ninapotaka mtulie. Mgeni wa siku moja huambiwa "hatujambo" hata kama watoto wamelala njaa. Mama mmoja alinipokea mlangoni miezi mitatu, pazia amelishika mkononi. Siku alipoliachia ndipo nikamwona mumewe mkekani, mgonjwa wa siku nyingi, miguu imevimba.

Nasmith mwenyewe hakutulia. Alizunguka Ireland, akavuka bahari hadi Marekani, akianzisha misheni huko na huko. Tarehe 16 Mei 1835, nyumbani kwake Hoxton, mtaa wa London, yeye na wenzake wawili walianzisha Misheni ya Jiji la London, ambayo ipo hadi leo. Miaka miwili baadaye alijiuzulu. Novemba 1839 aliugua akiwa kazini mjini Guildford, Uingereza, akafariki na miaka 40, fukara, akamwacha mjane na watoto.

Kwa hiyo sitawaficha: bidii yake iigeni, lakini nyumba zenu msiziache katika hali ile. Na sisi wazee tunaowatuma vijana kwa maombi bila hata nauli tunawakosea. Nami nimefanya hivyo miaka mingi, nisameheni.

Kwenye kikao cha Jumamosi nitaomba posho yenu ya kila mwezi iandikwe kwenye bajeti, pamoja na bima ya afya ya wake zenu, waume zenu na watoto. Nanyi njooni na daftari. Andikeni mtaa mmoja tu, majina ya waliowafungulia mlango, na siku mtakayorudi kwao.