Risala ya wanachama wa tawi la Yanga kwa Mgeni Rasmi: Uwanja wa Kaunda tuuache, au tuujenge?

Ndugu Mgeni Rasmi, Mhandisi na mwanachama mwenzetu,
Mwenyekiti wa Tawi,
Wazee wetu wa klabu,
Viongozi wa matawi jirani,
Mtani mmoja wa Simba aliyekaa nyuma kabisa akidhani hatujamwona,
Mabibi na mabwana.

Wananchi!

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe, Ndugu Mgeni Rasmi, kwa kuacha mapumziko yako ya Jumapili, tena masika haya, ukaja kukaa nasi chini ya turubai linalovuja upande wa jukwaa kuu. Mwaka jana mgeni wetu alikuwa mwanasiasa. Alituahidi jezi, na mpaka leo tunazisubiri. Mwaka huu wanachama wakasema tutafute mtu anayejua udongo.

Habari za tawi hazina maneno mengi. Ada zinalipwa, wengine kwa kusukumwa. Mfuko wa kuzikana upo na mahesabu yake yamebandikwa ukutani, kila mtu akayasome. Tumewazika wenzetu wawili, na tumepata wanachama wapya, wengi wao akina mama. Hayo yanatosha, maana jambo tulilokuitia ni jingine, nalo limetugawa tawi zima kiasi kwamba kuna watu hawakusalimiana mwezi mzima. Yanga ijenge uwanja wake Jangwani pale pale penye Kaunda, au ihame?

Ndugu Mgeni Rasmi, klabu hii ilizaliwa tarehe 11 Februari 1935. Jengo la makao makuu, pale Mtaa wa Twiga unapokutana na Jangwani, ni kazi ya wazee wetu, na wakilisimulia hawaachi kumtaja Mzee Abeid Amani Karume kwa mkono aliowashika. Pembeni yake ndipo ulipo uwanja uliopewa jina la Rais Kenneth Kaunda wa Zambia. Haukuwa uwanja wa mechi kubwa. Ulikuwa wa mazoezi. Lakini kwa mtu wa Kariakoo ulikuwa zaidi ya hapo: unatoka sokoni na kapu lako, nyanya zinaiva juani, wewe umesimama unatazama mabeki wanavyokimbizwa na kocha, na ukifika nyumbani unamweleza mkeo kuwa foleni ya unga ilikuwa ndefu. Mzee aliyesimulia hili kwenye kikao ameomba tusimtaje, kwa kuwa mkewe yupo hapa.

Vijana wetu wengi hawakuyaona hayo. Walichokiona ni maji. Mto Msimbazi unaanzia huko milima ya Pugu, unakusanya mvua ya nusu ya jiji, halafu unapita bondeni Jangwani ukielekea baharini Selander. Mvua ikikaza, Barabara ya Morogoro inafungwa, na karakana ya mwendokasi iliyojengwa bondeni humo imefurika mpaka tumezoea. Desemba 2011 mafuriko yaliua zaidi ya watu 40 jijini. Waliookolewa mabondeni wakapelekwa Mabwepande, na baadhi yao ni wanachama wa tawi hili; leo wamepanda daladala mbili kuja kutusikiliza.

Maji yakishuka, yanaacha mstari wa tope ukutani, umenyooka kama uliopigwa kwa kamba ya fundi. Mwanachama mmoja ana desturi ya kwenda kusimama kwenye ukuta kila baada ya mafuriko na kuangalia mstari umemfika wapi. Safari moja ulimfika kifuani. Halafu usiku vyura wanaanza. Ndiyo maana mtani wetu, ambaye zamani alituita Kandambili, siku hizi anatuita Vyura. Kandambili tulimkatalia. Hili la pili, kwa kweli, hatuna pa kumbishia, ingawa tulimfunga 5-1 tarehe 5 Novemba 2023 na vyura wakaimba mpaka asubuhi. Samahani, huko nyuma.

Sasa, Ndugu Mgeni Rasmi, wenzetu duniani wanapogombana kuhusu kuhama uwanja, wanagombana kuhusu kitu chao. Sisi tungehama wapi? Mataji yetu ya zamani tuliyachukulia Uwanja wa Taifa, huu unaoitwa Uhuru, mahali bendera ya nchi ilipopandishwa Desemba 1961. Mwaka 2007 likafunguliwa jirani yake lile jumba la watu 60,000, ambalo tangu 2020 linaitwa kwa jina la Mzee Mkapa. Tukavuka uzio, tukaingia. Hakuna aliyelia, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameacha chake. Likifungwa kwa matengenezo, tunazungushwa: leo Chamazi kwa Azam, kesho Mwenge kwa KMC. Septemba 2024 tulimfunga CBE ya Ethiopia 6-0 kwenye mechi ya Ligi ya Mabingwa Afrika ambayo ilikuwa ya nyumbani, na nyumbani siku hiyo kulikuwa Amaan, Zanzibar. Magoli sita ya nyumbani, na wengi wetu tuliyasikilizia redioni kwa kukosa nauli ya boti.

Katika kubishana kwetu, kijana mmoja alituletea habari ya Everton, klabu ya jiji la Liverpool, Uingereza, na tunaomba utuvumilie tuieleze, maana ndiyo iliyotutoa kwenye kelele. Wapo humu waliowaona kwa macho tarehe 13 Julai 2017, walipokuja kwenye uwanja huo wa Mkapa, wakati huo ukiitwa Taifa, kucheza na Gor Mahia ya Kenya. Everton walishinda 2-1, na Wayne Rooney, ndiyo kwanza amerudi klabu iliyomlea, akafunga moja kwa shuti la mbali.

Everton nao walikuwa wapangaji. Tangu 1884 walicheza kwenye uwanja uitwao Anfield. Ndiyo, Anfield huo huo. Wakakosana na mwenye uwanja, John Houlding, kwa sababu ya kodi, na mwaka 1892 wakabeba virago, wakavuka bustani iliyo jirani na kujenga kwao, Goodison Park. Houlding akabaki na uwanja mtupu, akaanzisha timu ya kuujaza. Timu hiyo ni Liverpool. Mzee mmoja aliposikia hapo alisimama akauliza kama ina maana tungehama zamani, mtani naye asingekuwepo. Tulimweleza kwamba kwa hapa Dar es Salaam mambo hayakwenda hivyo.

Goodison wakakaa zaidi ya miaka 130. Dixie Dean, aliyefunga magoli 60 ya ligi msimu wa 1927/28, alifia humo humo mwaka 1980 akitazama mechi dhidi ya Liverpool. Na humo mwaka 1966, kwenye Kombe la Dunia, Ureno ilitanguliwa 3-0 na Korea Kaskazini, kisha mtoto wa Msumbiji, Eusébio, akapachika manne na mechi ikaisha 5-3. Uwanja wa namna hiyo nao waliuacha. Tarehe 18 Mei 2025 timu ya wanaume ilicheza pale mara ya mwisho, ikaifunga Southampton 2-0, yote mawili ya Iliman Ndiaye wa Senegal. Wakahamia uwanja mpya kando ya mto Mersey, wa watu zaidi ya 52,000, wakati ule wa zamani ulichukua 39,000 na ushee.

Mambo mawili katika habari hiyo ndiyo yaliyotukalisha mpaka saa nne usiku.

La kwanza ni mahali walipojenga. Ni gati la zamani la meli. Walimimina mchanga uliochotwa baharini mpaka maji yakawa nchi kavu, kisha wakasimamisha majukwaa. Waliotaka Jangwani wakaruka juu: kama mwenzetu kajenga ndani ya maji, bonde litatushinda nini? Hapo ndipo alipojibu mwanachama wetu fundi mwashi, mtu asiyependa kusema. Alisema gati lina kuta za mawe na maji yake hayaendi popote. Msimbazi haukai. Unakuja na mchanga, matairi, magodoro na miti mizima, kila mwaka. Ukijaza kifusi pale Kaunda mpaka ukapata urefu wa kukausha uwanja, maji uliyoyafukuza hayarudi Pugu. Yanaingia Kigogo na Magomeni, kwa watu ambao baadhi yao wamevaa jezi kama yako.

Baada ya hapo hakuna aliyepiga makofi. Kila mtu alikuwa anafikiria yupi jirani yake.

Wengine walikumbusha kwamba serikali ina mradi wa Bonde la Msimbazi, na daraja jipya la Jangwani limo. Ni kweli, na tunauombea. Lakini mto ukishatulia, tuone misimu kadhaa ya masika umetulia, ndipo tuzungumze nguzo. Michoro mizuri ya uwanja tumeonyeshwa zaidi ya mara moja, wa kwanza wetu kuonyeshwa sasa ana wajukuu. Mchoro haulowi.

La pili ni kilichotokea Goodison baada ya kuhama. Ilifikiriwa utavunjwa. Badala yake wakaukabidhi kwa timu yao ya wanawake. Akina mama wa tawi, ambao mpaka hapo walikuwa wakitusikiliza tu huku wakihesabu michango, wakaweka kalamu chini. Katibu wao alisema: sisi tuna Yanga Princess, timu yetu ya wanawake, nao wanatangatanga kama kaka zao. Ndipo tulipopata njia.

Kabla ya hapo kulikuwa na wazee watatu waliokataa kutia saini risala hii. Wamezaliwa mitaa hiyo. Ukiwaambia uwanja uende Kigamboni, ambako timu imekuwa ikipiga kambi Avic Town, wanakutazama kama umetukana. Kijana mmoja akawatupia kaulimbiu yetu, daima mbele nyuma mwiko, kwamba kung'ang'ania Kaunda ni kurudi nyuma. Mzee mmoja akamjibu taratibu: "Mimi nikifa, jeneza mtalipitisha wapi? Kigamboni?" Kijana akakosa la kusema, na sisi pia. Tunakiri kwamba hesabu za mafuriko hazina jibu la swali hilo.

Basi msimamo wa tawi, baada ya vikao vitano na sahani nyingi za pilau, ni huu. Uwanja wa mechi uende kwenye ardhi kavu, hata ikiwa ng'ambo ya Kigamboni, ili mradi ardhi iwe ya klabu na basi la usiku liwepo. Jengo la Twiga na Jangwani libaki makao makuu, na Kaunda isiuzwe wala isikodishwe kuwa maegesho ya malori. Iinuliwe kwa kiasi ambacho jirani hataumia, ipandwe nyasi, wakae Yanga Princess na watoto wa timu za vijana. Uwanja wa mazoezi ukifurika, unasubiri siku kumi unaendelea. Uwanja wa watu 40,000 ukifurika siku ya mechi ya Afrika, tunapigwa faini na kupelekwa kucheza ugenini kwa jina la nyumbani. Aya hii ilipoandikwa hivi, wazee wawili wametia saini. Wa tatu amesema atatia akikusikia wewe.

Ndugu Mgeni Rasmi, hatukuombi pesa. Tunakuomba elimu yako. Kwanza utusaidie kuwaandikia viongozi wetu wa klabu, kwa lugha ya kihandisi ambayo sisi hatuna, kwamba vipimo vya udongo na vina vya maji vitangulie mchoro, na majibu yasomwe kwenye mkutano mkuu, wanachama wasikie. Katika barua hiyo hiyo utuwekee neno kuhusu hati. Popote patakapojengwa, hati iandikwe jina la klabu. Wafadhili wetu tunawapenda na wametutoa mbali. Hata fainali ya Kombe la Shirikisho ya 2023, tulipofungwa 2-1 kwa Mkapa na USM Alger kisha tukawafunga 1-0 kwao Algiers, tusingeifika kwa ada zetu hizi. Lakini mfadhili huja na huondoka, na habari ya Houlding tumeshakusimulia.

Kuhusu Yanga Princess, akina mama wamesema watakufuata wenyewe ofisini, kwa hiyo hatutalieleza zaidi.

Baada ya chakula tunakuomba utembee nasi hadi Kaunda, uone mstari ukutani kwa macho yako. Mzee wetu wa tatu ndiye atakayetuongoza. Mvua ya jana imeacha maji, kwa hiyo gambuti zako tumeziweka pale mlangoni, namba tisa, tulimuuliza dereva wako. Mtani naye tumemwekea jozi yake.

Tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya wanachama wa tawi.