Malalamiko kuhusu mfumo wa kuingiza hewa baridi uliouzwa kwa ahadi ya kutumika mwaka mzima

Dar es Salaam,
Mei 2024

Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: KUHARIBIKA KWA INJINI YA GARI KUTOKANA NA MFUMO WA HEWA MLIOUZA NA KUUFUNGA, NA DAI LA FIDIA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu niliyenunua dukani kwenu mfumo wa kuingiza hewa baridi kwenye injini ya gari langu, Subaru Forester yenye injini ya EJ205 ya lita 2.0 na turbo, yaani kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini, na mfumo huo ukafungwa na mafundi wenu katika gereji iliyo nyuma ya duka. Nimeambatanisha nakala ya risiti ya EFD, kadi ya dhamana, ankara ya matengenezo na picha za sanduku. Juu ya sanduku hilo, na kwenye bango lililobandikwa ukutani kwenu, imeandikwa kwamba kifaa hiki kinafaa kutumika mwaka mzima katika hali zote za hewa. Ahadi hiyo ndiyo ninayoilalamikia, kwa kuwa jinsi kifaa kilivyoundwa na kilivyofungwa haiwezi kutimia katika jiji lenye masika kama haya ya kwetu, na dhamana mliyonipa yenyewe inaikana.

Siwalaumu kwa kuuza kitu kisichofanya kazi kabisa. Asubuhi za Julai, kipupwe kikiwa kimetulia, gari lilikuwa jepesi kuitikia mafuta kuliko zamani, na hilo lina sababu yake: hewa iliyopoa kwa nyuzi 10 hivi inakuwa nzito kwa takribani asilimia 3, hivyo injini inapata oksijeni zaidi katika ujazo uleule. Ili kuifikia hewa hiyo, bomba lenu refu la alumini linatoka kwenye turbo, linapita tundu la pembeni na kuishia chini ndani ya madigadi, nyuma ya bampa, ambako filta ya hewa imeachwa wazi bila kopo lolote la kuifunika. Kopo la kiwandani linavuta hewa juu, karibu na ukingo wa mbele wa boneti. Tofauti ya kimo kati ya sehemu hizo mbili ndiyo iliyoniletea hasara.

Mwezi Aprili mwaka huu, mvua zikiwa zimeshaanza kujaza maji barabarani, nilipita kwa mwendo wa taratibu mahali palipotuama maji katika barabara ya mtaani kwetu. Maji hayakufika katikati ya rimu, na Toyota IST iliyokuwa mbele yangu, ambayo ni fupi kuliko Forester, ilipita bila tatizo. Basi dogo lililokuwa likitoka upande wa pili lilisukuma wimbi likagonga bampa langu, na papo hapo injini ikatoa mlio mmoja mzito wa chuma kugonga chuma, kisha ikazima. Sikujaribu kuiwasha tena. Gari lilivutwa hadi gereji.

Fundi alipofungua intakula iliyo juu ya injini, yaani kifaa kinachopoza hewa itokayo kwenye turbo, na kuiinamisha, maji ya rangi ya chai yalimwagika sakafuni. Alipotoa plagi na kuzungusha injini kwa mkono, maji yalitoka kwenye matundu mawili ya silinda, na mojawapo ya pistoni haikuwa tena inafika kimo sawa na wenzake, dalili kwamba konekting rodi yake, yaani mkono wa chuma unaoisukuma pistoni, imepinda. Baada ya kupasua injini alinionyesha rodi hiyo, na picha yake mnayo. Filta yenu ilikuwa bado inachuruzika, na ndani ya bomba kulikuwa na mchanga mwembamba hadi karibu na turbo. Nadhani hakuna fundi wa kwenu anayehitaji kufundishwa kilichotokea: maji hayabanwi kama hewa, na pistoni inayopanda ikiyakuta ndani ya silinda, kinachokubali kuvunjika au kupinda ni chuma. Injini ya lita 2.0 yenye mizunguko 3,000 kwa dakika inaweza kuvuta karibu lita 3,000 za hewa katika dakika hiyo, hata kabla ya kuhesabu msukumo wa turbo. Filta ikizama kidogo tu, kwa sekunde chache tu, yanayovutwa ni maji.

Nilipowaletea madai, msaidizi wako alinijibu kwa maandishi kwamba dhamana haihusu uharibifu unaotokana na maji wala vumbi, na kwamba mafuriko ni janga la asili. Naomba jibu hilo lisomwe pamoja na maneno yaliyo kwenye sanduku. Hapa kwetu mwaka una masika kuanzia Machi hadi Mei, una vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, na kati yake kuna kiangazi chenye vumbi. Ukiondoa maji na vumbi kwenye dhamana, umeondoa karibu mwaka wote uliomwahidi mnunuzi. Zaidi ya hayo, mvua hizi hazikuja kwa kushtukiza; Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa imetoa tahadhari za El Niño tangu vuli ya 2023, na katika miezi hiyo yote bango lenu liliendelea kuning'inia palepale.

Suala la vumbi nalo nililileta kwenu mapema, kabla ya mvua. Nilikuwa nimetoka safari ya mkoani Singida kupitia barabara za vumbi, taa ya injini ikawaka, na kipimo kikaonyesha msimbo P0171, yaani mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. Fundi wenu alinijibu kwamba nioshe filta na kuipaka mafuta upya. Hakunieleza kwamba mafuta hayo ya filta yanaweza kuganda kwenye waya mwembamba wa sensa ya kupima hewa na kuifanya isome pungufu, wala kwamba bomba lenye kipenyo tofauti na la kiwandani linaweza kuivuruga sensa hiyohiyo kwa sababu kontroli boksi ya gari, yaani kompyuta yake, ilipangwa kwa bomba la awali. Kwenye injini ya turbo, kukosa petroli ya kutosha si jambo la kupuuzwa, maana ndiko kunakoanzia kugonga kwa injini na kuungua kwa pistoni. Fundi wangu alipopitisha kidole ndani ya bomba, upande wa baada ya filta, kidole kilitoka na unga wa kahawia.

Lililoniumiza zaidi nililigundua nilipokuja kudai. Kwenye rafu ya duka lenu kulikuwa na mfuko wa kitambaa kisichopitisha matone, unaovishwa filta wakati wa mvua, na kulikuwa pia na kipande kifupi cha bomba kinachoiacha filta juu, ndani ya boneti. Vyote viwili ni vya mfumo huuhuu niliouziwa. Mfuko huo usingezuia maji ya kuzama, lakini kipande kifupi kingeiweka filta mahali ambapo wimbi lile lisingefika. Mafundi wenu walinirudishia kopo langu la kiwandani siku ya kufunga bila kusema hata neno moja kwamba lingefaa kurudishwa masika yakiingia. Mnaijua hatari, mnauza kinga yake, na mnamwacha mteja aondoke bila kuijua.

Kwa hiyo naomba kampuni ilipe gharama zote za kutengeneza injini kama zinavyoonekana kwenye ankara, ikiwa ni pamoja na rodi, gasketi, kusafisha turbo na intakula, na gharama ya kuvuta gari, na inirudishie bei ya mfumo huo ambao sitaufunga tena. Naomba pia maneno ya mwaka mzima yaondolewe kwenye bango na kwenye masanduku, na badala yake mnunuzi aelezwe kwa Kiswahili, kabla ya kulipa, filta itakaa kwa kimo gani kutoka ardhini na afanye nini mvua zikianza. Wateja mliokwishawauzia mnazo namba zao kwenye daftari la dhamana. Wapigieni, kwa sababu vuli haiko mbali na wengi wao bado wanaendesha magari yenye filta ndani ya madigadi.

Nitasubiri majibu yenu ya maandishi kwa siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Nisipoyapata, nitawasilisha shauri hili Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, inayokataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa. Rodi iliyopinda, filta na bomba vimehifadhiwa gerejini kama vilivyotolewa, na mtaalamu wenu anaweza kuja kuvikagua siku yoyote ya kazi.

Wenu,
Mteja, mmiliki wa Subaru Forester

Viambatanisho: risiti ya EFD, kadi ya dhamana, ankara ya matengenezo, picha za sanduku na za injini.