Kabla hujalaumu vidole

Sinza, Dar es Salaam
Jumapili

Ndugu yangu Mhina,

Salaam nyingi. Barua yako nimeipata, na nimecheka pale uliposema wajukuu wanakufunga saba bila kwenye gemu ya mpira ya FIFA, nawe umeshajihukumu kwamba vidole vimezeeka. Subiri kwanza. Vidole ndio washukiwa wa mwisho. Anza na runinga.

Runinga za siku hizi huichezea picha kabla ya kuionyesha: hulainisha mwendo, hunoa kingo, hukoleza rangi. Kwa taarifa ya habari hakuna hasara. Kwenye gemu, baadhi yake huchelewesha picha kwa milisekunde 100 au zaidi. FIFA kwenye PS4, mashine ya gemu ya Sony, hutoa picha 60 kwa sekunde, kwa hiyo unachokiona kiko picha sita nyuma ya mchezo wenyewe. Mtoto huzoea bila kujua; mtu mzima anabonyeza pasi mpira umeshanyang'anywa. Chukua rimoti, ingia kwenye mipangilio ya picha, chagua Game. Fanya hivyo ukiwa kwenye tundu lile lile la HDMI lililochomekwa mashine, maana runinga nyingi hutunza mpangilio wa kila tundu peke yake. Kama Game haipo, baadhi hukuruhusu kulipatia tundu jina la PC, na madoido mengi yanazimika. Rangi zitaonekana zimepooza kidogo. Ziache hivyo hivyo.

Halafu macho. Miwani ya kusomea ya +2.00 imekusudiwa kitu kilicho kama nusu mita. Runinga iko mita mbili, ndiyo maana ukiivaa picha inakuwa ya ukungu na kichwa kinauma. Ivue, au vaa ya mbali kama unayo. Ile yenye lenzi ya mbali juu na ya karibu chini ina mtego wake: runinga iliyotundikwa karibu na dari hukuinua kidevu, na kidevu kikiinuka unatazamia sehemu ya kusomea. Shusha runinga hadi katikati ya kioo chake ilingane na macho yako ukiwa umekaa. Kuhusu maandishi, ile Larger Text ya PS4 hukuza menyu za mashine tu, haigusi maandishi ya ndani ya gemu. Huko tumia Zoom: iwashe kwenye Settings, sehemu ya Accessibility, kisha simamisha mchezo na ubonyeze kitufe cha PS pamoja na mraba. Ukimaliza kusoma, duara inakutoa.

Pedi ya kuchezea sasa. Iweke mezani mchezo ukiendelea, usiiguse. Mchezaji akianza kutembea mwenyewe, kijiti cha kuongozea kimechoka: ndani yake kuna kipande kinachosuguana na njia ya kaboni kila ukisukuma, na njia hiyo ikilika au ikiingia vumbi, mashine inasoma mkono ambao haupo. Spiriti ya isopropili huondoa vumbi kwa muda. Kaboni iliyolika haisafishiki, fundi abadilishe kijiti. Na ukinunua pedi, jihadhari na za bandia, ni nyingi mno. Chomeka visikilizio kwenye tundu lake usikie kama sauti inatoka, kisha bonyeza na kupapasa kibao cha juu. Za bandia hushindwa mara nyingi kwenye mawili hayo.

Zima mtetemo, unachosha viganja na kula chaji. Pakata mto, uegemeze mikono juu yake ili vifundo visikunjike. Maumivu yakianza kwenye kifundo chini ya gumba, pumzika siku kadhaa. Yasipoisha nenda hospitali, kwa kuwa kano zikishavimba kila mechi inazidisha.

Vidole navyo vina habari yake, sitakudanganya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, mwaka 2014 walichambua wachezaji 3,305 wa StarCraft II, gemu ya vita ya kompyuta, wenye miaka 16 hadi 44, wakakuta kasi inaanza kushuka kwenye miaka 24. Ishirini na nne, Mhina! Hao wajukuu wako nao foleni yao inakuja. Lakini walikuta pia kwamba wakubwa hufidia kwa kurahisisha mchezo na kutumia njia za mkato.

Kwenye FIFA kurahisisha kunaanza na ulinzi. Mtoto hushinda kwa kukufanya umkimbilie. Usimkimbilie. Shika kitufe cha L2, beki wako amkabili uso kwa uso akirudi nyuma taratibu. Shikilia R1, mwenzake aje kumbana. Duara, ya kupokonya mpira, usiiguse mpaka mpira umtoke mguuni. R2 ya kukimbia iache, kwa sababu beki anayekimbia hageuki upesi. Upande wa mipangilio, weka Game Speed kwenye Slow na kamera iwe juu zaidi, uone winga aliye huru kabla mpira haujakufikia. Wajukuu watalalamika kuhusu Slow. Mwenye sebule ndiye anayeamua.

Kuhusu swali lako la kununua mashine yako mwenyewe, ningechukua PS4 Slim iliyotumika, ile ya namba inayoanza na CUH-2. Kwa muuzaji, icheze nusu saa nzima na diski ndani. Feni ikinguruma mfululizo, vumbi limejaa au pasta ya kupozea prosesa imekauka. Hilo linarekebishika, punguza bei. Ikizima yenyewe, au diski ikitoka na kurudi, achana nayo. Mwambie aitoe kwenye akaunti yake ukiwa hapo hapo. Iliyofunguliwa ili icheze gemu za kunakili usichukue, hata kwa bei ya kutupa: ukiiunganisha na mtandao unatafuta matatizo. Na diski ya Gran Turismo 7, gemu ya mbio za magari, usinunue kama nyumbani hakuna intaneti, sehemu kubwa ya gemu hiyo haifunguki bila mtandao. Career ya FIFA, ile ya kuongoza timu, haina shida hiyo.

Umeme wa huko unavyorukaruka, nunua na UPS ndogo, betri ya akiba, ya VA 650. Slim na runinga ya inchi 43 vitapata dakika kadhaa, zinatosha kuhifadhi mchezo na kuzima. Usiiache mashine kwenye Rest Mode, hali ya usingizi, usiku. Umeme ukikatika ghafla wakati diski kuu inaandika, faili zinaharibika. Ikigoma kuwaka vizuri baada ya hapo, ikiwa imezimwa shikilia kitufe cha kuwashia mpaka ilie mara ya pili, kama sekunde saba, unganisha pedi kwa waya, uchague Rebuild Database, inayopanga upya kumbukumbu za faili. Usichague Initialize, hiyo inafuta kila kitu.

Ukipata mashine nitumie picha ya kibandiko cha nyuma chenye namba hiyo ya CUH kabla hujalipa. Shemeji na wajukuu wape salaam zangu.

Wako,
Rashidi